Kosa Halikuwa Jikoni Mwako

Mpendwa Dada Nafula,

Nakuandikia kutoka uani kwa Baba, hapa Musanda, mahali ambapo hujakanyaga kwa miaka ishirini na mitano ingawa safari ya kutoka kwako Lubao haimalizi asubuhi moja. Leo tumelijengea kaburi lake. Saruji imekauka, kwaya imeimba, mchungaji ameketi, nami nimepewa nafasi ya kunena kwa niaba ya watoto wa marehemu. Nimewaomba wazee waniruhusu nisitoe hotuba. Badala yake nitasoma barua, na barua yenyewe inakwenda kwako Lubao. Wageni waliofika watanisamehe nikiwapa kisogo ili niseme nawe. Hata hivyo nataka wasikie kila neno, kwa kuwa neno lililokutoa katika ua huu lilisemwa mbele za watu, na haifai kulifuta kwa mnong'ono.

Mama alipotutangulia ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulijifunga leso yake kiunoni juu ya sketi ya shule, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na mama anayefanya hesabu za darasani huku akichochea kuni. Mimi nilikuwa na miaka minane, mzito mno kwa kubebwa na mvivu mno wa kutembea, lakini hukuniacha nyuma hata mara moja tulipokwenda mtoni. Ulinifunza kusuka mkeka, kuchuma mboga ya murere bila kuumiza shina, na kunyamaza wageni wanapokula. Hilo la mwisho, kama unavyojua, halikunikaa.

Ninalolikumbuka kuliko yote ni karai la jioni. Baba akirudi kutoka kukata miwa, ulimwekea maji ya vuguvugu yenye chumvi, ukapiga magoti na kumkanda miguu. Nyuma ya visigino vyake, pale kano nene inaposhika mfupa, palikuwa na vinundu vigumu vilivyokataa kila kiatu. Ndiyo sababu alizikata gambuti zake nyuma kwa panga, akawa anatembea nazo kama ndara, na wakataji wenzake wakimtania kwamba amenunua viatu nusu. Wewe uliviita vinundu hivyo njugu mawe.

"Baba, njugu zako zimekomaa," ulimwambia jioni moja. "Tuvune lini?"

"Ngoja mvua ipite kwanza, mama," alijibu, kwa kuwa tangu Mama aondoke alikuita hivyo. "Mbegu ya kwetu haivunwi kwa haraka."

Tulicheka, Dada. Tulicheka sote watatu, na hakuna aliyejua ni kitu gani ulichokuwa ukikishika kwa vidole vyako.

Kisha ikaja Jumapili ile. Senje, dada yake Baba, alikuja kututembelea kutoka kwa mumewe, nawe ulitaka aone kwamba nyumba ya ndugu yake bado ina mwanamke. Ulichinja jogoo mwekundu. Ulimkaanga katika mafuta yake mwenyewe mpaka harufu ikawafikia majirani, ukasonga obusuma, ugali wetu, na imondo, ile firigisi ya mwenye nyumba, ukamwekea Baba kwenye kisahani cha peke yake kama desturi inavyotaka. Senje alikaa jikoni akikutazama ukikoroga. Alikusifu. Alisema mkono wako ni mkono wa mama yetu. Baba alikula akashiba, akakubariki.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijawa kali, aliketi juu ya fungu la miwa aliyokuwa ameikata kana kwamba anapumzika, na hakusimama tena. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa mwembamba, hanywi pombe, havuti sigara, na hakuna mtu kijijini aliyeweza kukata mistari mingi kumshinda. Kifo cha mtu wa namna hiyo kinatafuta maelezo. Siku ya kunyolewa nywele za msiba, ukoo ulipoketi kujadili mauti yale, Senje alisimama akiwa amevimba macho, akasema alichokiona. Alisema mafuta yalikuwa yamejaa sufuria kama maji ya kisima. Halafu akatamka lile neno.

"Ndugu yangu ameuawa na sufuria."

Hakukutaja jina. Hakukuwa na haja. Watu wote waligeuka wakakutazama, msichana wa miaka kumi na saba mwenye kichwa kilichonyolewa muda ule ule. Nilikuwa karibu yako, mkono wangu ndani ya mkono wako, nami niliyefunzwa kunyamaza nikashindwa siku zote, siku hiyo nilinyamaza. Hukujitetea. Mwaka uliofuata ulichukuliwa Lubao ukiwa bibi arusi asiye na shangwe, na toka hapo ukiulizwa kwenu ni wapi, unasema ni hapo hapo.

Sasa, wacha watu hawa wajue ulifanya nini na uchungu wako. Ulifungua hoteli kando ya soko la mifugo, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata kikaango kimoja ndani yake. Kuku huchemshwa. Kunde huchemshwa. Maharagwe huchemshwa. Wauza ng'ombe, ambao tumbo lao halijui huruma, wamekutania mpaka wamechoka. Siku niliyokuja kukuona nilimsikia mmoja akiuliza kama hiyo ni hoteli ama ni wodi. Ukamjibu bila kuinua macho kwamba akitaka mafuta, gereji iko ng'ambo ya barabara. Meza nzima iliangua kicheko, naye akaongeza sahani. Nilicheka pamoja nao, kisha nikaingia nyuma ya pazia nikalia kidogo, kwa sababu nilijua kwamba hukuwa ukipika. Ulikuwa ukitumikia kifungo.

Nimekuja leo kukwambia kwamba hukumu ile ilikuwa ya makosa, na kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuligundua hilo mapema kuliko mtu yeyote. Ninafundisha kemia ya mwili katika chuo kimoja mjini Kakamega. Kwa miaka kumi na miwili nimesimama mbele ya wanafunzi nikichora seli ya ini ubaoni, nikiipa vipokezi vyake, nikieleza jinsi inavyovuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Nimeeleza vizuri. Nimepigiwa makofi. Mwaka jana, mwishoni mwa kipindi, msichana aliyeketi mstari wa mbele aliinua mkono.

"Madam, sasa mtu akizaliwa na hivyo vipokezi vikiwa nusu, sisi tutamjua aje tukikutana na yeye?"

Ni swali jepesi. Jibu lake nalijua kama jina langu. Niliugeukia ubao, nikaandika: duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho akiwa bado kijana. Nikaandika: kifo cha ghafla cha moyo katika familia. Nikaandika: vinundu kwenye vifundo vya vidole na kwenye kano za visigino. Chaki ikasimama hapo. Nilisikia maji yakimwagika kwenye karai, Dada, katikati ya darasa la watu sitini. Niliwaaga kabla ya saa, nikaenda nyumbani kwangu mtaa wa Shieywe, nikaketi kitandani, nikavua viatu, nikapapasa visigino vyangu mwenyewe.

Nitakueleza sasa kile nilichokuwa nikiwaeleza wageni huku nikikunyima wewe.

Kolesteroli si sumu. Kila seli ya mwili inaihitaji ili kujenga ukuta wake, na sehemu kubwa mwili hujiundia wenyewe, hata kwa mtu asiyeonja mafuta. Tatizo lake ni moja: haichanganyiki na damu, kama mafuta yasivyochanganyika na mchuzi. Kwa hiyo mwili huifunga katika vifurushi vidogo vinavyoitwa lipoproteini, na juu ya kila kifurushi huweka protini maalumu, apolipoproteini, ambayo hushikilia mzigo usitawanyike na pia hutambulisha mzigo ni wa aina gani na upokewe wapi.

Unakumbuka trekta za miwa zilivyopanga foleni msimu wa mavuno? Kila trela lilikuwa na kibali chake, na mbele kulikuwa na karani kwenye mizani. Karani hakuangalia uzuri wa miwa. Aliangalia kibali, akakilinganisha, akafungua lango, trela likaingia, likapakuliwa, naye akarudi mahali pake kulipokea lingine. Basi ini ndilo kiwanda kikuu cha kazi hiyo. Juu ya seli zake wamesimama makarani wasiohesabika, ndio vipokezi. Kifurushi cha kolesteroli kinapopita katika damu, kipokezi huishika apolipoproteini yake, ile ya aina ya B. Vifurushi vingine hubeba ya aina ya E, nayo inatambuliwa vilevile. Vikishikana, ukuta wa seli hubonyea ndani, hukimeza kifurushi chote, hukipakua, na kipokezi hupanda tena juu kungojea kingine. Seli ikishiba, hupunguza makarani. Ikiona njaa, huongeza.

Na unakumbuka mwaka ule mizani moja kati ya mbili ilipoharibika? Trekta zilijaa barabarani mpaka karibu na kanisa. Miwa ilikauka juu ya matrela, ikaanguka, ikaziba njia ya watu na ya maji. Je, kuna aliyemwendea mkulima wa Musanda na kumwambia amepanda mingi mno? Hakuna. Kila mtu alijua mahali pa ubovu.

Baba alizaliwa na mizani moja. Maagizo ya kutengeneza vipokezi hivyo tunayarithi mara mbili, nakala moja kwa baba na moja kwa mama, na nakala yake moja ilikuwa na hitilafu. Vifurushi vilikuwa na vibali halali, lakini nusu ya malango hayakuwepo. Tangu akiwa tumboni kolesteroli ilikuwa ikisubiri katika damu yake, ikikosa pa kuingia, ikijitundika polepole kwenye kuta za mishipa ya moyo na kwenye kano za miguu. Vile vinundu ulivyovikanda kwa maji ya chumvi vilikuwa mzigo uliokosa lango. Sisemi chakula hakina neno. Mlo mzuri una faida yake, nami nakula kwa kiasi. Ninachosema ni kwamba jogoo mmoja wa Jumapili hakuweza kufanya katika usiku mmoja kazi iliyochukua miaka arobaini na minne. Hata ungempikia Baba kunde za kuchemsha maisha yake yote, foleni ile ingekuwepo.

Nilipopimwa, daktari alitazama karatasi, akanitazama visigino, akaniuliza baba yangu alikufa akiwa na miaka mingapi. Ugonjwa wa Baba ninao, Dada. Nikawapeleka binti zangu. Mkubwa anao. Mdogo hana.

Nilipomwendea Senje na habari hizi hakunipokea kwa urahisi, na amenipa ruhusa ya kusema hivyo mbele yake, maana ameketi hapa mstari wa kwanza. Alikuwa akipeta mtama. Alinisikiliza, kisha akauliza ikiwa mimi na vitabu vyangu tumekuja kumwambia kwamba mafuta si mafuta. Nikamweleza makarani na mizani. Akaendelea kupeta. Nikamweleza habari ya binti zangu, na hapo ungo ukatulia mikononi mwake.

"Hawa wawili wanakulanga sufuria moja?" aliuliza.

"Moja, Senje. Tangu waache kunyonya."

"Na mmoja iko nayo, mwingine hana."

"Hana."

Kuku wakaja wakala mtama kwenye ungo wake, naye hakuwafukuza. Hatimaye alisema maneno ambayo ameniomba niyaandike kama alivyoyatamka: "Mwambie Nafula nilikosa. Kifo kilinipita mbele, sikuweza kukikamata, basi nikakamata mtoto aliyekuwa karibu." Barua hii ikimalizika kusomwa, anataka asimame ayarudie mwenyewe, mahali pale pale alipotamka yale ya kwanza, na mbele ya wengi wa wale wale waliosikia.

Kwa hiyo jina lako limesafishwa, Dada yangu. Laiti hilo ndilo lingekuwa jambo kubwa la barua hii. Si hilo.

Siku ile niliyokuja Lubao nilikuomba twende ukapimwe damu. Ulinicheka. Ulisema, "Mimi sigusangi mafuta tangu Baba atutoke. Sasa kwa hii damu yangu mtapata nini?" Ukanipa sahani yangu, na nilipoipokea niliona juu ya kifundo cha kidole chako cha kati uvimbe mgumu, mdogo kama punje ya njugu. Nilikushika mkono. Ukauvuta upesi ukasema ni sugu ya mwiko tu, kwamba mtu akisonga obusuma kwa ajili ya soko zima lazima mkono uote kitu. Nami ninakuheshimu mno kubishana nawe mbele ya wateja wako, basi nikala nikaondoka.

Leo nabishana. Nabishana mbele ya kaburi, mbele ya mchungaji na ukoo mzima, kwa sababu ndiwe mkubwa wangu na sina njia nyingine ya kukushinda. Sugu huota kiganjani, pale mwiko unaposugua. Haiwi juu ya mkono, kwenye kano. Ulivikanda vinundu vya Baba kila jioni kwa miaka mitatu. Hakuna daktari nchini anayevijua kwa vidole kuliko wewe. Kifungo ulichojipa hakikukulinda. Uliyakimbia mafuta ya nje, na kama damu yetu ni moja kama ninavyohofu, kolesteroli ile ile ambayo mwili wako unaiunda imekuwa ikisubiri langoni kimya kimya. Una miaka arobaini na mitatu. Mwaka ujao utatimiza umri wa Baba. Na wanao wawili, ambao kila mmoja ana nafasi sawa ya kupata au kukosa, hawajui hata kwamba kuna swali la kuulizwa.

Swali hili lina jibu, na hiyo ndiyo tofauti kati yetu na Baba. Dawa ninayomeza kila siku ina werevu wa upole. Inalizuia ini lisijiundie kolesteroli nyingi. Ini linapoona limepungukiwa, linasimamisha makarani zaidi kwa kutumia ile nakala yetu nzima tuliyopewa na Mama, na foleni katika damu inaanza kupungua. Sikuamini mpaka nilipopimwa mara ya pili na kuona kipimo kimeshuka. Fikiria hilo unapomkumbuka Mama. Nusu ya makarani wetu ni wake, na bado wako kazini.

Nakutamani nyumbani. Nakutamani jikoni humu, ukinikaripia jinsi ninavyokata vitunguu. Hasira uliyo nayo dhidi ya nyumba hii ni haki yako na sikuombi uitupe leo. Unaweza kuja nayo. Unaweza pia usije Musanda kabisa, ukakutana nami mjini, nami sitahesabu. Jambo moja tu ndilo siwezi kulikubali, nalo ni kukuzika ukiwa na umri huu kwa ugonjwa ambao ninaufundisha.

Alhamisi asubuhi nina miadi ya kupimwa tena, na nimemwomba muuguzi atuwekee nafasi mbili, yangu na yako. Maisha yetu yote umenitangulia: ulivuka mto kwanza ili nijue kina, ulionja dawa chungu kwanza ili niimeze, ulilia kwanza na ukanyamaza kwanza. Alhamisi niruhusu nitangulie mimi. Nitakunja mkono wa blauzi na kuunyoosha mkono wangu, nawe simama hapo pembeni unitazame usoni, kama nilivyokuwa nikikutazama. Ukiona sijakunja uso, keti.

Nakushika mkono ule ule, kwa sauti safari hii,

Mdogo wako.